Kaya Namba Mia Mbili na Hamsini

Katika daftari la kijiji cha Lyamkosi, lile lenye jalada gumu la kijani na doa la togwa ukurasa wa tatu, kaya ya mwisho imeandikwa hivi, kwa mwandiko wa kulala wa katibu Flavian: Namba 250. Mkuu wa kaya: Modesti Mninga. Mke: Silvana. Watoto: watatu. Kazi: mkulima. Dini: Katoliki.

Huyu Modesti alikuwa mwananchi wa aina ambayo viongozi huiota usingizini. Hakuwahi kubisha mkutanoni. Hakulewa pombe ya ulezi akatukana kamati. Hakumpiga mkewe, hakudai dawa zahanati, na hata siku moja hakuuliza ile mashine ya kusaga tuliyoahidiwa itafika lini. Daftari la kazi za pamoja halioneshi mwaka aliopungukiwa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na wala si kubwa ukilinganisha na kasoro za wanakamati: alikuwa kasuku.

Lakini Modesti ana jina lake daftarini na linamtosha. Ninayetaka kumsimulia ni mwanamke aliyemlimia miaka minne mfululizo, Bertilla, mjane wa Zenon, mwenye mikono mipana kama ungo na ulimi usiojua njia ya kuzunguka.

Alifika Lyamkosi mwaka sabini na nne, kwa lori la Operesheni, katika ule msimu ambao serikali iligundua kwamba watu tumekaa mbalimbali mno na maendeleo yanachoka kututembelea mmojammoja. Zenon alikuwa ameshafariki kwa kichomi. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa Chala. Kwa hiyo nyumba ya Bertilla ilikuwa na mtu mmoja, na mgambo walipoezua paa hawakuchukua hata dakika ya kuvuta sigara. Alipewa nafasi ya vitu vinne kwenye lori. Akachukua jembe, jiwe la kusagia, chungu, na kuku mmoja. Rosari alikuwa ameivaa shingoni, haikuhesabiwa.

Walimshusha pembeni kabisa mwa kijiji kipya, chini ya mti wa mninga, wakamwambia, "Hapa ndipo kwako, mama. Jenga." Kisha lori likaondoka kwenda kumwendeleza mtu mwingine.

Wageni wa Ufipa hawaelewi mti mkubwa mmoja ni kitu gani kwetu. Uwanda wetu ni nyasi na upepo. Unaweza kutembea tangu asubuhi ukakutana na ng'ombe wengi kuliko vivuli. Mninga ule ulikuwa umesalia peke yake, mnene, tawi moja limekufa na kutobolewa na vigong'ota. Na ndani ya tundu la tawi lile walikaa wapangaji.

Bertilla aliwajua asubuhi ya kwanza. Amelala chini, blanketi limejaa umande, hajui ataanzia wapi kukata miti ya kujengea, mara kule juu ikaanza kelele kama ya bawaba zisizotiwa mafuta. Akainua macho. Ndege wawili wadogo, wanene, wenye midomo iliyopinda, wamekaa bega kwa bega wakimtazama, mmoja kwa jicho la kushoto, mwingine kwa la kulia. Wakamgombeza. Wakamgombeza kwa utaratibu, mmoja akichoka mwenzake anapokea, mpaka jua likatoka.

"Kijiji kizima kina watu elfu na zaidi," alikuwa akisema baadaye, "na waliokuja kuniuliza nimelalaje ni wale wawili tu."

Kasuku wa kwetu si yule wa kijivu ambaye wenye maduka mjini humfundisha matusi. Huyu hasemi maneno ya watu. Ana yake ya kutosha. Ukimwona mgongoni amekaa, utasema ni kiumbe cha kawaida kabisa, kahawia, kama koti la mwalimu wa zamani. Ndipo anaporuka. Anafungua mbawa, na pale begani inatoka njano kama ua la alizeti. Tumbo linaonekana ni kijani iliyochovywa kwenye buluu. Kiunoni buluu yenyewe, ile ya anga baada ya mvua. Halafu anatua, anafunga kila kitu, anakuwa kahawia tena. Wiki tatu Bertilla alilala chini ya mti ule kabla ya kupata paa, na alisema hakuchoshwa na tamasha lile hata siku moja. Jike na dume hawaachani. Mmoja akila, mwenzake analinda. Wakishiba wanachanuana manyoya ya shingo, taratibu, kama wachumba waliofungiwa mlango na mvua. Akawapa majina, dume Modesti, jike Silvana, na watu wakamwona amechanganyikiwa kwa ujane.

Sasa njooni mwezi wa sita wa mwaka uliofuata.

Sheria mpya ilikuwa imetoka: kijiji, ili kiandikishwe na kihesabiwe kijiji cha kweli, kiwe na kaya mia mbili na hamsini. Flavian akahesabu. Alikuwa kijana mwembamba, mwaminifu, wa darasa la saba, aliyebeba daftari kwapani hata akienda chooni. Akahesabu mara ya kwanza, akapata mia mbili arobaini na tano. Akaongeza marehemu wanne ambao kwa bahati nzuri walikuwa wamefariki karibuni na harufu ya majina yao ilikuwa bado ipo. Mia mbili arobaini na tisa. Hapo akakwama. Tusipoandikishwa, tungefutwa na kuunganishwa na kijiji jirani, watu ambao tulikuwa hatujawasamehe jambo la malisho ya ng'ombe tangu wakati wa Wajerumani.

Mwenyekiti wetu, Eustaki, yeye hakuhangaika na kaya. Alihangaika na ofisi. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya watu watatu, nyapara mstaafu wa mashamba ya mkonge Tanga, na aliamini kwamba kijiji ni milango. Waandikishaji wakija wakakuta mlango wa mbao, meza ya mbao na viti vya mbao, watasaini hata wakikuta kaya kumi. Mbao nzuri ni mninga. Mninga ulikuwa mmoja.

Kwa hiyo akaitwa Mwinjuma, mpasua mbao, mtoto wa mjini Sumbawanga, na msumeno wake wa watu wawili. Akafika asubuhi, akavua shati, akatema mate viganjani, akapiga shoka mara mbili. Mninga, kama mnavyojua, ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Ukatiririka. Kule juu Silvana alikuwa amelalia mayai, hakutoka. Modesti alikuja mbio kutoka shambani, akazunguka juu ya kichwa cha Mwinjuma, njano ya mabega ikiwaka, akipiga kelele za kuamsha wilaya.

Bertilla alikuwa anapepeta ulezi. Alikuja na ungo mkononi.

"Shikamoo, mama," akasema Mwinjuma, kwa sababu mjini pia walimlea.

"Marahaba, mwanangu. Umejituma au umetumwa?"

"Nimetumwa. Ofisi inataka viti vya wakubwa."

"Wakubwa vigoda vinawachoma?"

"Mama yangu, mimi napasua mbao. Maswali sipasui."

Bertilla akaweka ungo chini, akakaa katikati ya mizizi miwili, akaegemeza mgongo palepale penye jeraha la shoka. Utomvu ukalowesha gauni lake. Mwinjuma akatazama shoka, akatazama yule mama mwenye mgongo mwekundu, akavaa shati lake.

"Kamwiteni mwenyekiti," akasema. "Hii kazi imekuwa ya siasa."

Eustaki akaja, sauti yake ikitangulia. Nyuma yake watu, na nyuma ya watu Flavian na daftari.

"Mama Bertilla! Unazuia maendeleo!"

"Maendeleo yana barabara yake pana, mwenyekiti. Huku kwangu ni kichochoroni, yamefuata nini?"

"Huo mti ni mali ya kijiji."

"Na waliomo?"

"Waliomo nani?"

"Modesti na mkewe. Yule mama ana mayai ndani. Juzi juzi mlikuja kuniezua mimi, sikusema neno. Nilipanda lori. Hawa hamna lori la kuwapandishia."

Watu wakacheka. Eustaki hakucheka, nyapara hacheki mbele ya watu wa zamu. Akanyoosha mkono kwa Mwinjuma aendelee. Hapo ndipo Bertilla akamgeukia Flavian, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kutolala.

"We Flavian, mwanangu. Kaya zimetimia?"

"Bado moja, mama."

"Ongeza marehemu."

"Marehemu wameisha," akasema Flavian kwa huzuni ya kweli.

"Basi mimi ninayo. Baba, mama, na watoto wakianguliwa watatu. Wana nyumba yao, hawajaomba mabati. Wamekaa hapa kabla yetu sote. Waandike."

Ukimsikia mtu anasema upuuzi unacheka mara moja; ukisikia upuuzi unaoweza kukuokoa unacheka baada ya kuhesabu. Flavian alikuwa anahesabu.

"Kasuku hawezi kuwa mwanakijiji!" Eustaki akanguruma.

"Na mzee wa kaya ya mia moja na kumi na mbili, tuliyemzika kabla ya Kwaresima, huyo anaweza?"

Mwenyekiti akakohoa. Flavian alikuwa ameshafungua daftari juu ya goti. "Jina la ubini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mninga."

"Dini?"

"Mke mmoja, talaka hakuna. Katoliki huyo."

"Hapana, mama," Mwinjuma akadakia kutoka nyuma, "anaamka alfajiri kabla ya watu wote na sauti yake inasikika kijiji kizima. Huyo ni wa kwetu, na kazi yake ni muadhini."

"Wewe ulitaka kumvunjia nyumba, sasa unamtaka msikitini?"

Wakaandika Katoliki. Lakini Eustaki hakuwa mjinga, na heshima yake ilikuwa imekwaruzwa mbele ya mgeni wa mjini. Akapanda juu ya mzizi ili awe mrefu.

"Sawa. Yumo daftarini. Aliyemo daftarini anafanya kazi. Kila kaya ina ntumba mia nne katika shamba la kijiji. Yake isipotimiza inafutwa. Ikifutwa hiyo, mti unakatwa siku hiyohiyo, na wewe mama hutakaa tena hapo na mgongo wako. Umekubali?"

Niwaeleze ntumba, kwa wasomaji wa mbali. Sisi Wafipa hatuchomi nyasi tukalima majivu. Mwezi wa pili na wa tatu, nyasi zikiwa ndefu na udongo laini kwa mvua, tunakata mabonge ya ardhi na nyasi zake, tunayapindua na kuyarundika, moja juu ya jingine, mpaka linasimama rundo la mviringo linalofika magotini. Ndani nyasi zinaoza, na msimu ujao rundo linasambazwa, ulezi unapandwa juu ya mbolea yake. Ntumba moja ni jasho. Ishirini na tano ni siku nzima ya mtu mwenye afya. Mia nne kwa kaya yenye wanaume wawili na wasichana watatu ni kazi. Kwa mjane mmoja ni adhabu. Na Bertilla alikuwa na mia nne zake tayari.

Akatazama juu. Modesti alikuwa ameingiza kichwa tunduni kumlisha mkewe, nje amebaki mkia na buluu ya kiuno.

"Atalima," akasema Bertilla.

Mwinjuma akafunga msumeno wake kwa gunia. Ofisi ilijengwa kwa milango na viti vya mbao za mkaratusi zilizopinda, na hadi leo ukitaka kuifungua au kuifunga ni lazima uisukume kwa bega.

Tukaandikishwa. Na mwezi wa pili Bertilla akaingia shambani kabla ya umande kukauka, akapiga ntumba mia nane.

Nataka mwelewe kwamba hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa ilikuwa inachekesha. Watu walipita njiani wakiuliza, "Mama, Modesti yuko wapi leo?" Naye, bila kusimamisha jembe: "Amekwenda kulinda mkewe asiibiwe na watu kama wewe." Au: "Mama, mwambie Modesti safu yake imepinda!" "Nitamwambia. Yeye atakwambia ya kwako haipo." Alifanya kazi kama mtu anayesuka mkeka, haraka lakini bila pupa, kata, pindua, gonga kwa kisigino cha jembe, hatua moja pembeni. Ntumba zake zilikuwa sawa kama zimetolewa kwenye bakuli moja. Bwana shamba alipopita alizipima kwa fimbo akaondoka anatikisa kichwa.

Na alikuwa na desturi moja iliyokuja kuzaa makubwa. Alianza na za Modesti. Mia nne za kasuku kwanza, kila moja, ndipo za kwake. "Zangu zikipungua watanigombeza," alisema. "Zake zikipungua watamkatia mti."

Za Bertilla zikapungua, kweli. Mwaka wa pili wa kazi hiyo alipatwa na homa wiki nzima, akafika siku ya mwisho na mia tatu na sitini kwa jina lake mwenyewe. Akaitwa mbele ya kamati. Flavian, ambaye daftari lilikuwa limeanza kumzoesha kuamini anachokiandika, akasoma kwa sauti: "Kaya ya Bertilla, pungufu arobaini. Kaya ya Modesti Mninga, imetimiza."

Eustaki akamtazama yule mama aliyesimama mbele yao na malengelenge viganjani. Kisha akasema, na naapa hakuwa anatania, "Mama, jitahidi uige mfano wa jirani yako."

"Nitamwiga, mwenyekiti," akajibu Bertilla. "Kesho nitaanza kuota manyoya."

Wakati wa mavuno pia alikuwa na lake. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuamia ndege katika shamba la ulezi, kwa kombeo na debe bovu, na kwelea walimjua: wingu lao likishuka, jiwe la kwanza lilikuwa limeshatoka. Lakini kila kaya ilikuwa na fungu lake la mavuno, basi akadai fungu la kaya ya mia mbili na hamsini lisivunwe. Libaki limesimama, safu mbili upande wa mninga. Kamati ikabisha, yeye akawaonesha daftari lao. Safu zikabaki. Na ikawa kitu ambacho bwana shamba hakukitegemea: kasuku wakajua pale ndipo kwao, wakawa wanashuka pale asubuhi na jioni, wanashika suke kwa mguu mmoja kama mtoto aliyeshika hindi la kuchoma, wanabangua punje mojamoja, na mashamba mengine hawayagusi. Watu wakaanza kupitia njia ile makusudi. Walisema wanakwenda kisimani. Kisima kilikuwa upande wa pili.

Kufikia mwaka wa sabini na tisa kasuku walikuwa kumi na mmoja katika mninga ule na vichaka vya kando ya mto. Chama kilikuwa kimebadilisha jina, mashine ya kusaga ilikuwa bado inakuja. Na wilayani kulikuwa na mkubwa mmoja, simtaji, mpenzi wa madaftari, ambaye usiku mmoja au mchana mmoja alipitia taarifa za kazi za vijiji vyote na kidole chake kikasimama kwenye jina moja. Miaka minne. Ntumba mia nne kila msimu, hakuna upungufu, hakuna ugonjwa, hakuna msiba. Mkulima wa aina hii nchi nzima haina.

Barua ikaja: Jumanne, saa nne, mkubwa atafika Lyamkosi kumkabidhi Ndugu Modesti Mninga jembe la zawadi, na kumshika mkono.

Flavian alisoma barua ile akakaa chini pale alipokuwa amesimama. Eustaki kwa mara ya kwanza akanong'ona. Kijiji cha kughushi, kaya ya kughushi. Kitafutwa, na wao wawili watapata pa kueleza. Wakamwendea Bertilla jioni. Walimkuta na Mwinjuma, ambaye kila mwaka alikuwa akija kupasua mbao za mkaratusi bondeni na siku hizi hakupita bila kunywa togwa kwake.

"Tumepata dawa," Eustaki akasema. "Mwinjuma atakuwa Modesti. Avae koti langu, apokee, aseme asante, basi."

"Mimi?" Mwinjuma akaruka. "Mmeandika Katoliki! Akiniambia nifanye ishara ya msalaba nitaanzia wapi?"

"Hapana," akasema Bertilla.

"Mama, ni dakika tano tu."

"Hapana, mwenyekiti. Akipokea mtu, Modesti amekuwa mtu. Kesho mtampa kiwanja na nyumba ya tofali kwenye mstari, na mti hautakuwa na mwenyewe. Nimelima ntumba elfu moja na mia sita ili mti uwe na mwenyewe. Ntamwambia ukweli."

"Utatufunga!"

"Basi tutafungwa pamoja na viti vya mkaratusi. Ni adhabu tosha."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini usiku ule hakula. Mwinjuma alimwona akikaa nje, kichwa kimeinuliwa kuelekea tundu ambalo Silvana alikuwa tena amelalia, na mkono wake unashika lile kovu la shoka kwenye gome, ukienda na kurudi.

Jumanne ikafika, na Landrova. Mkubwa alikuwa mtu mnene mwenye miwani, suti ya mikono mifupi, jembe jipya limefungwa utepe. Kijiji kizima kilikuwa kimepangwa mistari miwili.

"Yuko wapi ndugu yetu Modesti?"

"Amesafiri," akasema Eustaki.

"Mgonjwa," akasema Flavian wakati uleule.

Mkubwa akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nipelekeni nyumbani kwake."

Hapo Bertilla akatoka mstarini. Amevaa gauni lile lile la mwaka ule, doa jekundu mgongoni ambalo halijawahi kufulika. "Shikamoo" hakusema, maana mkubwa alikuwa mdogo kwake. Mkubwa ndiye aliyesema.

"Marahaba. Nifuate, baba."

Akampeleka mpaka chini ya mninga, akanyoosha kidole juu. "Huyo hapo."

Mkubwa akainua kichwa. Modesti alikuwa kwenye tawi, kahawia, amejikunja, na kwa kweli alifanana na mtumishi wa serikali anayesubiri likizo. Wakatazamana. Kisha kasuku akachoshwa, akafungua mbawa, akateleza kutoka tawini, njano mabegani, kijani na buluu chini, akapita juu ya kofia ya mkubwa kwa kelele moja kali, akazunguka, akarudi kwa mkewe mdomo umejaa.

Mkubwa akavua kofia. Sijui kwa nini. Yeye mwenyewe, nadhani, hakujua.

"Huyo ndiye mkuu wa kaya?"

"Ndiye."

"Ntumba mia nne kila mwaka?"

"Zimelimwa kwa jina lake. Ukitaka kuzihesabu, za mwaka huu bado zimesimama."

"Na zimelimwa na nani?"

Bertilla akafungua viganja vyake viwili. Mkubwa akaviangalia muda mrefu kuliko alivyomwangalia kasuku. Nyuma yao Eustaki alikuwa anatokwa jasho kama amelima yeye.

"Kwa nini, mama?"

"Ukifuta jina lake, mti unakatwa. Ndiyo makubaliano. Wakikata, hawa hawana mwingine. Angalia mwenyewe pande zote."

Mkubwa akaangalia pande zote. Nyasi na upepo.

"Ile rangi," akauliza, kama mtu aliyesahau kazi iliyomleta, "inatoka wapi?"

"Hatujui, baba. Haikuja na lori."

Sasa jamani, tusimfanye mkubwa mtakatifu. Yeye naye alikuwa na daftari lake. Alikuwa ameandika kwa wakubwa zake kwamba vijiji vyote vimetimiza kaya, bila hata kimoja kupungua, na barua za pongezi alikuwa ameshazipokea. Kufuta kaya moja Lyamkosi kulikuwa kuvuta uzi wa sweta. Haya yote yalipita usoni kwake, tuliyaona yakipita. Lakini naapa kulikuwa na kitu kingine pia, maana mtu anayejiokoa tu hasimami na kofia mkononi.

Akaomba daftari. Flavian akalileta kwa mikono miwili. Mkubwa akaandika chini ya jina la mwisho, akisoma kwa sauti kila neno: "Kaya hii nimeifikia na kuiona kwa macho yangu. Ipo. Makazi yake yasiguswe na mtu yeyote kwa sababu yoyote." Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akagonga.

"Tatizo ni jembe," akasema. "Limeshatoka stoo. Stakabadhi inataka saini ya mpokeaji, au dole gumba."

Tukatazamana. Wino wa dole gumba ulikuwa ofisini, na mlango wa ofisi, mnakumbuka, ulikuwa umekwama. Mwinjuma akachomoa kisu kidogo.

"Mama, mara hii naruhusiwa?"

"Kidogo tu. Usizidi ukucha."

Akakwangua gome palepale penye kovu. Utomvu ukatoka, tone moja jekundu. Bertilla akachovya dole gumba, akaligandamiza kwenye karatasi ya serikali, mbele ya jina la Modesti Mninga. Mkubwa akampa jembe, akamshika ule mkono wenye wekundu kwa mikono yake miwili, akapanda Landrova. Stakabadhi ile, kama panya hawajaifikia, ipo mpaka leo.

Mwezi wa pili uliofuata, Eustaki alipita shambani asubuhi akamkuta Bertilla katikati ya nyasi, jembe jipya mkononi, anapindua mabonge kwenye kipande cha kaya ya mia mbili na hamsini. Akasimama njiani. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ya mtu mmoja.

"Mama, umesamehewa. Muhuri ule hakuna wa kuupinga. Hata usipopiga hata moja, mti upo."

"Najua."

"Sasa?"

"Jembe si ni la Modesti? Atapewaje zawadi halafu ilale?"

Mwenyekiti akavua viatu, akaingia kwenye safu ya pili, akaanza kukata mabonge, vibaya, kama nyapara ambaye maisha yake yote alikuwa akishika fimbo. Bertilla akamwacha apige tatu zilizopinda ndipo akamwonesha namna ya kugonga kisigino. Saa tano Flavian akatokea akikimbia, daftari kwapani, furaha imemjaa usoni.

"Mama! Watoto wa Modesti wamekua, wawili wameoa, wamechukua tundu la kisiki kule mtoni. Niwaandike? Mia mbili hamsini na moja, na mbili?"

Bertilla akanyoosha mgongo, akafuta jasho, akatazama kule mtoni ambako njano ilikuwa inawaka na kuzimika juu ya vichaka.

"Thubutu," akasema. "Waache wakae bila kitambulisho. Mimi mikono ni miwili tu."